Muulize Mjomba: Bango tumeweka, mbona wanachama hawaji?

Wapwa zangu habari za baridi. Safari hii nimechagua barua tatu maana nilipozisoma naona zote zinazunguka palepale, watu wanataka vikundi vyao vya kujitolea vijulikane na vipendwe. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi kabla ya kuandika humu nilikuwa fundi wa kuchora mabango, nimechora saluni, bucha, gereji na ubavu wa vifodi na daladala nyingi tu za Mbeya, kwa hiyo nikiongelea nembo na rangi sio kwamba nimesomea, nimejifunza kwa kuharibu kazi za watu.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni katibu wa klabu yetu ya kujitolea hapa Mbeya, hatupo chini ya mtu, tulianzisha wenyewe miaka sita iliyopita tukiwa 31. Tunachangia damu, tunakarabati madawati na vyoo vya shule, tunafanya usafi, kazi tunafanya kweli. Sasa tumebaki 14 na wanaokuja kikaoni ni nane au tisa, vijana hamna kabisa. Mwaka jana tukasema tujitangaze, tukachanga laki nane na ushee, tukatengeneza nembo mpya, tukaweka bango maeneo ya Mafiati, tukaprinti na tisheti 40. Nembo ina mlima Loleza, mikono miwili imeshikana, dunia, mwenge na mgomba, maana kila mjumbe wa kamati alikuja na wazo lake na hatukutaka kumuudhi mtu. Kwenye bango kuna picha ya mwenyekiti, maneno "Umoja, Upendo, Maendeleo" na namba ya simu. Miezi minne tumepigiwa simu tatu. Wa kwanza kauliza riba yetu asilimia ngapi. Wa pili kauliza kupanda mlima ni bei gani. Wa tatu kauliza kama ni kweli ukijiunga unapewa gari ila lazima umtoe mtu, kabla sijajibu kakata. Sasa wengine wanasema tubadili nembo tena, wengine wanataka tuhamie TikTok tutafute mtu wa kutuchezea. Tufanyeje? Katibu, Forest, Mbeya.

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Nisamehe nimecheka, hasa hiyo ya riba, nikamsomea mke wangu naye akacheka. Ila ukikaa ukatulia hao watu watatu hawakukosea. Mikono imeshikana kwa mji wetu huu ni SACCOS, ni VICOBA, ni mkopo. Mlima ni utalii. Na mwenge juu ya dunia, huyo wa gari nitamrudia kwenye barua ya pili maana ana wenzake wengi. Kila mtu alisoma alichokiona. Bango liliongea mambo matano kwa mpigo na hata moja halikusema nyie mnafanya nini.

Zamani nikichora, mzee aliyenifundisha alikuwa ananipeleka ng'ambo ya barabara, ananiambia geuka, haya tazama, haya geuka tena, umesoma nini? Nikishindwa kumjibu anachukua tambara la mafuta ya taa anafuta yote. Mtu aliye kwenye daladala la Uyole anapita Mafiati huku anatafuta nauli mfukoni, macho yake kwenye bango lako ni pumzi moja, mbili ikizidi. Ndani ya hizo pumzi mbili uso wa mwenyekiti umeshakula moja na nusu, na watu wetu wameshazoea, uso mkubwa kwenye bango ni mgombea. Wakishajua ni mgombea hawasomi tena. Na hayo maneno matatu, umoja upendo maendeleo, hebu yaweke kwenye ukuta wa shule, yanakaa. Yaweke kwenye kikundi cha kuzikana, yanakaa. Yaweke kwenye kwaya, yanakaa vilevile. Neno linalokaa popote halimwambii mtu chochote kuhusu nyie.

Waangalie wakubwa wa kazi hii. Lions, klabu za kujitolea zilizoanza Marekani 1917, wanafanya mambo chungu nzima duniani ila mtu ukimtajia Lions anakwambia macho, miwani, mtoto wa jicho. Sio bahati. Mwaka 1925 Helen Keller, yule mama asiyeona wala kusikia, alisimama kwenye mkutano wao akawaomba wawe mashujaa wa wasioona, nao wakaishika hiyo mpaka leo, miaka mia imepita. Rotary, klabu nyingine za namna hiyo, nao wanachimba visima, wanasomesha, wanajenga vyoo, lakini tangu 1985 kitu wanachokitanguliza mbele ya dunia ni polio. Klabu zenye watu zaidi ya milioni zimekubali kujulikana kwa jambo moja, nyie watu 14 mnataka kujulikana kwa matano.

Chagueni moja. Mi ningewachagulia damu, na sababu ninazo. Kwanza kituo cha damu salama cha kanda yetu yote ya Nyanda za Juu Kusini kipo hapohapo Mbeya, hamhitaji nauli. Pili damu sio mahindi useme utaweka ghalani mpaka mwakani, chembe nyekundu zikitunzwa kwenye baridi zinakaa kama siku 35 basi, baada ya hapo ni za kumwaga, kwa hiyo ile tabia ya watu kukumbuka kuchangia Juni 14 tu siku ya wachangia damu duniani haimsaidii mama anayejifungua Oktoba pale hospitali ya wazazi Meta. Kinachotakiwa ni watu wanaorudi. Mwanaume anaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne, awe na miaka 18 mpaka 65, kilo zisipungue 50, awe mzima. Sasa si unaona, hicho kinadai kikundi, kinadai mtu wa kukumbushana naye, yaani sababu ya klabu kuwepo inajieleza yenyewe. Andika kwenye bango "Tunachangia damu Mbeya, kila miezi mitatu, njoo na wewe", chini yake siku na mahali. Basi. Madawati na vyoo endeleeni navyo, hakuna aliyewakataza, ila mtu atavijua akishaingia ndani.

Kuhusu nembo, msibadilishe tena, pelekeni fundi apunguze. Rotary walipopanga upya sura yao mwaka 2013 gurudumu, ambalo ndo nembo yao, hawakulitupa. Shida yao ilikuwa jina limeandikwa ndani ya gurudumu lenyewe, kwenye duara, ukisogea mita kadhaa halisomeki, ni kama unaangalia spea. Wakalitoa neno Rotary wakaliweka nje kwa herufi kubwa, gurudumu pembeni yake. Niliposikia nilifurahi mno maana ndo yaleyale ya tambara la mafuta ya taa. Nyie bakini na kitu kimoja na jina lisomeke. Nani atoe alama yake? Hapo patakuwa na ugomvi, najua, piga kura ya siri. Na rangi iwe moja, mbili mwisho. Mnakumbuka Mbeya City walipopanda ligi kuu msimu wa 2013/14, zambarau ilijaa mji mzima mpaka mtu ukivaa shati la zambarau kwenda kanisani unaulizwa matokeo. Hakuna aliyehitaji kusomewa nembo. Lakini usisahau msimu ule walimaliza nafasi ya tatu, wakiwa wageni kabisa kwenye ligi. Wangeshuka daraja, zambarau ingebaki rangi ya kitenge tu.

Tisheti 40 sitawasema sana, imeshatokea, ila mpwa wangu tisheti Mbeya mwezi wa sita mtu anaivaa ndani, juu sweta, juu ya sweta koti. Nani anaiona? Mkipata hela tena shoneni vizibao vya kuvaa juu ya koti au kofia za sufu. Kuna waliowapa bodaboda reflekta zenye jina la kikundi, ni wazo zuri na reflekta zinaokoa watu na ukungu wetu huu, ila ujue kijana akipita taa nyekundu na jina lako mgongoni ndo mmepita nyie wote.

Na picha. Nakuomba, nimepiga magoti, acheni ile picha ya watu kumi na wawili wamepanga mstari, wote wameshika ndoo moja, mwalimu mkuu katikati anatabasamu kwa shida. Hiyo picha kila taasisi inayo na hamna kijana atakayeiangalia aseme na mimi nataka kuwepo. Pigeni picha mtu ana rangi mpaka kwenye nyusi anapaka ukuta, mtu amekunja shati amelala kitandani anachangia damu huku anacheka na mwenzake. Anayeangalia ajione yupo hapo. Watoto wa shule wanaopewa msaada msiwaanike sura zao, na mgonjwa ndo kabisa, hiyo mtanisamehe sina mjadala nayo. Halafu hizo picha ziende kwanza kwenye statasi za WhatsApp za wote 14 siku moja, kwa sababu anayeangalia statasi yako anakujua, anaweza kukuuliza. TikTok sio dhambi, ila mtu wa kuwachezea wa nini sasa, wekeni huyo wa rangi kwenye nyusi.

Haya, nimekuongelesha mabango kwa sababu umeuliza mabango, sasa niseme kinachonikereketa. Mlikuwa 31, mko 14. Hao 17 wameenda wapi? Wapo hapahapa mjini, wanakutana na watu sokoni Sido na kwenye misiba, na mtu akiwauliza ile klabu ikoje wao ndo bango lenu la kweli, tena hawalipiwi kodi ya halmashauri. Kabla ya kutoa hata shilingi moja tena, gawaneni namba, kila mmoja apige kwa mtu mmoja au wawili, sio kumwomba arudi, kumuuliza tu ilikuwaje. Mkubali mtakachosikia. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia kikundi kimoja, sikitaji, kwa miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kupanga viti, na siku wanatafuta fundi wa kuwachorea bango wakaenda kumlipa mtu mwingine, hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya kazi gani. Nilitoka bila kuaga na mpaka leo nikisikia jina lao nakunja uso. Mgeni apewe jambo la kufanya wiki ya kwanza, lile analoliweza.

Pia angalieni mnakutana wapi na lini. Kama kikao ni kila wiki hotelini saa saba mchana na lazima uagize chakula, mwalimu haji, mama wa genge haji, mwanafunzi ndo usimtaje. Hata Rotary ambao kikao cha kila wiki kilikuwa kama ibada kwao, mwaka 2016 walilegeza, klabu ikaruhusiwa kukutana hata mara mbili kwa mwezi. Ada iandikeni wazi, mtu asiulize kwa aibu. Na Nanenane inapokuja, pale viwanja vya John Mwakangale nusu ya nyanda za juu inapita, ombeni kijinafasi, leteni mtu wa kupima presha, daftari mezani, mtu akikaa kupimwa mnaongea naye. Daftari hilo likijaa mpigieni kila aliyejiandikisha ndani ya wiki hiyohiyo, ikipita wiki mbili ameshawasahau.

SWALI: Kamwene mjomba. Mimi ni mama, nipo Mafinga. Binti yangu anasoma chuo Iringa mwaka wa pili, kanitumia picha amevaa pini ya gurudumu ananiambia mama nimejiunga Rotaract. Shemeji yangu kuona akasema hao ni frimasoni, wana vikao vya jioni, wana alama, mtoto atapotea. Nimelala siku mbili sina usingizi. Nimwambie atoke? Mama, Mafinga.

JIBU: Kamwene dada yangu, lala usingizi. Rotaract ni vijana wa Rotary, ilianza 1968, ni kwa wenye miaka 18 na kuendelea, zamani ukifika 30 unatolewa lakini tangu Julai 2020 hicho kikomo kimeondolewa. Kuna na Interact ya watoto wa miaka 12 mpaka 18 mashuleni. Sio frimasoni, sio dini, sio chama cha siasa, mtoto anabaki na kanisa lake au msikiti wake.

Hilo gurudumu nalo nikusimulie maana ndo limekunyima usingizi. Mwaka 1905 kule Chicago mwanasheria mmoja Paul Harris aliona upweke wa mji mkubwa, akawaita wenzie watatu, wakawa wanakutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule. Kule kuzunguka kwa zamu ndo jina Rotary lilikotoka. Mwanachama mmoja wa mwanzoni alikuwa fundi wa kuchora nakshi, akachora gurudumu la mkokoteni, la kawaida tu kama la kubebea magunia. Baadaye miaka ya 1920 wakalifanya gia yenye meno 24 na mikono sita. Na hapo mainjinia wakalalamika, wakasema gia hii haina mfereji wa kufungia kwenye shafti, itazunguka bure bila kusukuma mashine, kwa hiyo ukiangalia pini ya binti yako katikati utaona kijitundu chenye pengo, hicho ndo waliongeza. Alama nzima ya kutisha ni malalamiko ya mainjinia.

Na ujue kazi yao ilishawagusa majirani zetu. Mwanzoni mwa 2022 kirusi cha polio kilipoonekana Malawi, mikoa ya mpakani huku, Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, ndo iliyotangulia kupewa matone, watu wa afya wakapita nyumba kwa nyumba Machi hiyo. Vita ya polio duniani Rotary ni miongoni mwa walioianzisha pamoja na shirika la afya duniani na UNICEF. Mama zetu wangapi walifungua mdomo wa mtoto adondoshewe matone na hawajawahi kusikia hilo jina.

Ila shemeji yako nisimlaumu peke yake. Klabu hizi zimejitafutia sehemu ya huo uvumi. Suti, hoteli, Kiingereza mwanzo mwisho, kengele mezani, pini kwenye koti, na jirani wa mlangoni hajawahi kukaribishwa. Binadamu akifungiwa mlango anatunga mwenyewe kilichopo ndani, na hapa kwetu akitunga lazima atunge gari na kafara. Wewe fanya hivi, mwambie binti siku wakiwa na shughuli unakwenda kuangalia, wageni huwa wanaruhusiwa. Nenda na huyo shemeji. Na mwambie binti mama yake amemuuliza maana ya pini na hakuijua, kwa hiyo aanze kuieleza kwa Kiswahili huko chuoni, na ikibidi kwa Kihehe, hapo wanachama watawapata wengi kuliko kwa pini yenyewe.

SWALI: Mjomba vp, sisi ni vijana tisa Tukuyu tunasaidia wazee kulima na kubeba maji. Ili tuonekane serious tumechukua nembo ya Lions mtandaoni tumeweka kwenye tisheti na grupu letu, tumeongeza Tukuyu chini. Kuna mtu katuambia ni kosa. Kweli?

JIBU: Kweli. Toeni leo. Ile L yenye simba wawili, mmoja anaangalia nyuma mwingine mbele, ina mwenyewe na imesajiliwa, anayeitumia ni klabu iliyopewa hati na Lions wenyewe. Mkitaka kuwa Lions halali tafuteni klabu iliyopo iwashike mkono, njia ipo. Mkitaka kubaki wenyewe, andikeni katiba fupi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri awaelekeze usajili unaowafaa, mchague alama yenu. Tena kulima shamba la bibi na kumchotea maji, hiyo Tukuyu nzima inaelewa bila simba. Kama mnakosa cha kuchora, yule katibu wa Forest huko juu ana mgomba anaotakiwa kuutoa kwenye nembo yake, kwenu utakaa vizuri zaidi. Ndaga.